Stakabadhi namba 625

Siku tulipowasha mfumo, Mwalimu alinyoosha kidole kwenye skrini akaniuliza swali ambalo, kama ningelitilia maanani, lingeniokolea wikiendi nzima ya mwezi uliofuata. "Kijana, mbona stakabadhi ya kwanza ni namba 625?"

Mwalimu ni mhazini wa chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Morogoro. Alifundisha hisabati sekondari mpaka akastaafu, na mpaka leo kikokotoo anakiona kama mkongojo wa watu wenye miguu mizima. Nilimjibu vile tunavyojibu sisi watengeneza programu tukiwa na haraka: "Hizo ni namba za ndani za kompyuta tu, Mwalimu, zisikusumbue." Akaniangalia kidogo. "625 ni mraba wa 25," akasema, akaiandika kwenye daftari lake la mistari, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mimi nikaendelea kufundisha vijana wa kaunta namna ya kubadili neno la siri.

Nirudi nyuma kidogo.

Mfumo wa kwanza niliowahi kulipwa kuutengeneza ulikuwa wa duka la vifaa vya ujenzi. Ulikuwa na majedwali 14, na kila jedwali nilitaka linionyeshe rekodi imeingizwa lini, imebadilishwa lini, na nani kaiingiza. Nilifanya nini? Nilinakili. Mistari mitatu, mara 14, huku nikibandika na kurekebisha. Kufika jedwali la sita mkono ulishachoka, na majina yakaanza kupinda: hapa `imeundwa`, pale `iliyoundwa`, kule `tarehe`, na kwenye jedwali moja `created` kwa sababu siku hiyo nilikuwa nasoma maelekezo ya Kizungu. Mwenye duka alipotaka ripoti moja ya kila kilichoingizwa juma hilo, nilijikuta naandika kodi (ile ya programu, si ile ya TRA) ya kuulizia majina manne tofauti ya kitu kimoja. Niliapa sitarudia.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya chama cha akina Mwalimu nilikuja nimejipanga. Natumia Django, fremuweki (seti ya vifaa vilivyoandaliwa) ya lugha ya Python ya kutengenezea mifumo ya wavuti, nayo ina njia nzuri ya jambo hili: unaandika klasi moja yenye safu unazotaka zijirudie, kisha modeli nyingine zote (modeli ni klasi inayoeleza jedwali moja) zinairithi. Nikaiita Msingi.

    class Msingi(models.Model):
        imeundwa = models.DateTimeField(auto_now_add=True)
        imebadilishwa = models.DateTimeField(auto_now=True)
        aliyeingiza = models.ForeignKey(
            User, on_delete=models.PROTECT,
            related_name='alivyoingiza')

        class Meta:
            ordering = ['-imeundwa']

Halafu `class Mwanachama(Msingi)`, `class Hisa(Msingi)`, `class Stakabadhi(Msingi)`, `class Muamala(Msingi)`, `class OmbiLaMkopo(Msingi)`, na kadhalika. Safi. Hakuna kunakili. Nilijisikia fundi.

Aliyezoea Django ameshaona kinachokosekana hapo juu. Ndani ya Meta, ile klasi ndogo ya mipangilio, ulitakiwa kuwepo mstari mmoja zaidi, `abstract = True`. Mimi niliandika Meta, nikaweka mpangilio wa tarehe, simu ikaita, nikarudi, nikaendelea na klasi iliyofuata. Na Django haikulalamika, kwa sababu nilichoandika si kosa hata kidogo. Ni kitu kingine halali kabisa, chenye maana nyingine kabisa.

Tofauti yenyewe ni hii. Ukiweka ule mstari, Msingi haiwi jedwali. Inakuwa kama karatasi ya mshonaji: anaiweka juu ya kitambaa, anakata, anairudisha kabatini, hakuna anayeivaa. Safu zake tatu zinanakiliwa ndani ya jedwali la kila mtoto, na kila jedwali linajitegemea na kuhesabu namba zake lenyewe kuanzia 1. Usipouweka, Msingi ni jedwali kamili lenye rekodi zake. Kila mtoto naye anapata jedwali, lakini ndani yake hakuna `imeundwa` wala `aliyeingiza`, na hakuna hata `id`. Kuna safu iitwayo `msingi_ptr_id` inayoelekeza kwa mzazi, na hiyo ndiyo ufunguo mkuu wa mtoto. Kwa maneno mengine, mtoto hana namba yake. Anatumia ya mzazi.

Sasa hesabu. Tulianza kwa kuingiza wanachama kutoka kwenye faili la Excel: watu 312, wakachukua namba 1 hadi 312 kwenye jedwali la Msingi. Kisha akaunti za hisa, moja kwa kila mwanachama: 313 hadi 624. Mtu wa kwanza aliyekuja kaunta kulipa akapewa namba iliyofuata.

Mambo haya nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba mfumo unafanya kazi, na kwamba Mwalimu anapenda maswali.

Kwenye mafunzo hayohayo alinipa swali la pili, hili nililitilia maanani kwa sababu lilinitia aibu mbele ya watu. Ukurasa wa utawala wa Django hujitengenezea wenyewe wingi wa majina ya modeli, na kanuni yake ni moja tu: ongeza s. Fremuweki hii ilizaliwa kwenye gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, ikatolewa hadharani mwaka 2005 na kupewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Hakuna aliyekuwa na ngeli akilini. Kwa hiyo Mwalimu alipofungua ukurasa alikutana na Mwanachamas, Hisas, Stakabadhis, na ile iliyomchekesha mpaka akavua miwani, Ombi la mkopos. "Hii s ni ya nini? Ya Kiswahili cha wapi?" Dawa yake ni kuandika `verbose_name_plural` ndani ya Meta ya kila modeli: wanachama, hisa, stakabadhi, miamala, maombi ya mikopo. Hapo hakuna urithi utakaokusaidia. Ukiliandika jina la wingi kwenye Msingi, kila jedwali litaitwa hilohilo. Ngeli huandikwa moja moja, kwa mkono, na nadhani ni haki yake. Nikaandika Meta tisa kwa modeli tisa, usiku huohuo. Zikumbuke hizo Meta tisa, zitarudi.

Ukapita mwezi. Siku moja saa nne asubuhi simu ikaita. "Kijana, njoo ofisini. Njoo na kompyuta yako." Nikaenda. Shikamoo Mwalimu, marahaba, kaa. Akafungua lile daftari. Alikuwa ameandika namba ya kila stakabadhi iliyotoka siku ya kwanza, kwa kalamu ya bluu, na pembeni kwa kalamu nyekundu kilichotokea katikati.

"Tazama. 625, 627, 629, 631. Zote witiri. Nikajua mashine yako inaruka moja moja, sawa, pengine ndivyo ilivyoumbwa. Saa tano akaja mtu kuomba mkopo. Stakabadhi iliyofuata, 634. Halafu 636, 638. Zimegeuka shufwa! Alasiri likaingia ombi lingine, zikarudi witiri." Akaliweka daftari mezani. "Kwa hiyo namba za stakabadhi zangu zinajua habari za mikopo. Kwa nini?"

Nimesoma makala nyingi kuhusu kutafuta kasoro kwenye programu. Sijawahi kuona uchunguzi mzuri kuliko ule, na ulifanywa na mtu asiyejua kama kuna kitu kinaitwa Python. Kila stakabadhi iliandika rekodi mbili, yenyewe na muamala wake kwenye leja, ndiyo maana zikaruka moja moja. Ombi la mkopo liliandika rekodi moja tu, ndiyo maana likageuza witiri kuwa shufwa. Majedwali yote tisa yalikuwa yanachota namba kwenye kisima kimoja.

Nikafungua terminali pale pale, nikaingia PostgreSQL, kanzidata inayotunza majedwali yetu, nikayaorodhesha. `chama_msingi`. Lipo. Likiwa na rekodi nyingi kuliko jedwali lolote, kwa sababu lilikuwa na rekodi za wote. Halafu nikafungua faili la migresheni, yaani maelekezo ya kuunda au kubadili majedwali, la siku ile ya kwanza. `CreateModel` yenye `name='Msingi'`, imeandikwa wazi, na chini yake kila modeli ina `msingi_ptr` na `parent_link=True`. `makemigrations`, amri inayoandika mafaili hayo, ilikuwa imenichapia `Create model Msingi` kwenye skrini. Nilichofanya mimi ni kuona maandishi yakishuka bila rangi nyekundu nikaridhika.

"Nimekosea, Mwalimu."

"Hilo nalijua. Utarekebisha lini? Wakaguzi wakija wakakuta stakabadhi 626 haipo, mimi nitawaambia ni mstari wa kompyuta? Watasema nimekula hela."

Hapo ndipo nilipofahamu uzito wake. Kwangu mimi namba hiyo ilikuwa ufunguo wa kanzidata. Kwake yeye kila pengo ni pesa isiyo na maelezo.

Nilidhani ni kazi ya dakika tano: ongeza `abstract = True`, endesha migresheni, nenda kanywe chai. Nikaongeza kwenye nakala ya kompyuta yangu, na ukuta wa makosa ukaja. Kwanza `fields.E304` na `E305`, kwa kila modeli. Ile `related_name='alivyoingiza'` ilifaa wakati kulikuwa na Msingi mmoja; sasa modeli tisa zote zinataka mtumiaji awe na sifa yenye jina hilohilo moja. Dawa iko kwenye Django yenyewe: unaandika `related_name='%(class)s_alivyoingiza'`, na kila mtoto anaweka jina lake mahali pa ile alama. Nimekutana na watu waliobandika FK (ForeignKey, safu inayoelekeza kwenye rekodi ya jedwali jingine) kwenye kila klasi upya kwa sababu ya kosa hili tu, wakafuta faida yote ya urithi. Alama hiyo moja ingewatosha.

Kubwa zaidi lilikuwa migresheni zenyewe. Django inajua kuongeza safu, kufuta safu, kubadili jina. Kubadili mzazi wa modeli haijui. Ukijaribu kumpa mtoto safu ya `imeundwa` wakati historia ya migresheni bado inasema mzazi wake anayo, inakukatalia kwamba majina yanagongana. Nilihangaika nalo Ijumaa nzima mpaka umeme ulipokatika, na pengine TANESCO walinisaidia, maana gizani nilipata wazo la kuacha kulikarabati jengo na kujenga jingine kiwanja cha jirani.

Nikaanzisha programu mpya ndani ya mradi huohuo, nikaiita `ushirika`, yenye modeli zilezile tisa na Msingi iliyo na ule mstari. Majedwali mapya, matupu, yenye safu zote ndani yake. Kazi iliyobaki ni kuhamisha rekodi, na kwa bahati namba zilizoshirikiwa ndizo zilizorahisisha: kwa kuwa `msingi_ptr_id` ilikuwa ufunguo wa kila kitu, niliihamisha kama ilivyo kuwa `id`, na kila FK iliyoelekeza kwa mwanachama namba 87 iliendelea kuelekeza kwa 87.

Jaribio la kwanza niliandika kitanzi cha Python: soma rekodi ya zamani, unda mpya, hifadhi. Kilikimbia vizuri. Nikafungua orodha nikakuta chama kizima kimezaliwa Jumamosi saa tatu usiku. Wanachama wote, malipo yote, maombi yote. `auto_now_add` haikuulizi umeleta tarehe gani. Rekodi ikiwa mpya, inaandika saa ya sasa juu ya ile uliyoleta. Hata `bulk_create`, inayounda rekodi nyingi kwa mpigo, haikuokoi, nayo inapitia njia hiyohiyo. Nikafuta, nikashuka chini kwenye SQL yenyewe, lugha ya kanzidata:

    INSERT INTO ushirika_stakabadhi
      (id, imeundwa, imebadilishwa, aliyeingiza_id,
       mwanachama_id, kiasi)
    SELECT s.msingi_ptr_id, m.imeundwa, m.imebadilishwa,
           m.aliyeingiza_id, s.mwanachama_id, s.kiasi
    FROM chama_stakabadhi s
    JOIN chama_msingi m ON m.id = s.msingi_ptr_id;

Mara tisa, nikianza na wanachama kwa kuwa wengine wote wanawategemea. Kanzidata haijui habari za `auto_now_add`, hayo ni mambo ya Django. Unachompa ndicho anachoandika. Tarehe zikabaki za kweli.

Jumapili nikajaribu kusajili mwanachama mpya. Ikagoma: ufunguo umejirudia, namba 1 ipo tayari. Ukiingiza rekodi ukiwa na `id` mkononi, kihesabio cha PostgreSQL hakisogei, bado kinadhani jedwali ni tupu. Cha kutisha ni kwamba stakabadhi hazikugoma. Namba 1 kwenye jedwali la stakabadhi ilikuwa wazi, kwa hiyo stakabadhi mpya ikaanza kwa furaha na 1, ikaenda 2, na ingeendelea hivyo mpaka igonge 625 siku ambayo mimi nimeshasahau kila kitu. `manage.py sqlsequencereset ushirika` inakuandikia amri za kuvisogeza vihesabio vyote. Unazimwaga kwenye kanzidata, basi.

Na zile Meta tisa? Jumapili jioni naangalia orodha ya stakabadhi, haina mpangilio, za jana zimechanganyika na za mwezi uliopita. Mzazi aliye jedwali kamili humrithisha mtoto `ordering` hata kama mtoto ana Meta yake. Mzazi aliye karatasi ya mshonaji harithishi hivyo: mtoto akiandika Meta yake mwenyewe, ile ya mzazi inatupwa yote, isipokuwa uandike `class Meta(Msingi.Meta)`. Kwa hiyo wingi sahihi wa Kiswahili ulikuwa umenifutia mpangilio wa tarehe. Na usiogope kwamba mtoto atarithi pia `abstract = True` na kukosa jedwali; Django huigeuza kuwa `False` kabla ya kumkabidhi.

Kuhusu namba ya stakabadhi, nilifanya kilichotakiwa kufanywa tangu mwanzo, yaani kuiondoa kabisa kwenye `id`. Hata kwenye jedwali linalojitegemea, `id` ya PostgreSQL huruka: muamala ukianza ukashindikana katikati, namba iliyochotwa hairudi. Stakabadhi sasa ina safu ya `namba`, na kihesabio chake ni rekodi moja inayofungwa kwa `select_for_update` mpaka malipo yakamilike, ili kaunta mbili zisichukue namba moja. Zilizokwisha kuchapwa zilibaki na namba zao zilezile, maana karatasi ziko mikononi mwa watu. Mpya zianzie wapi? Nilimuuliza Mwalimu. "2001," akasema bila kufikiri. "Na uniandikie barua ya kueleza zilizotangulia, uisaini, niiweke kwenye faili la ukaguzi." Niliandika. Kurasa mbili, bila neno la kompyuta hata moja. Ilinichukua muda kuliko zile SQL tisa.

Sisemi mzazi mwenye jedwali hana kazi. Kama kweli unataka kuuliza swali moja linalovuka aina zote, mfano nyaraka zote za chama ziwe barua, mkataba au muhtasari wa kikao, na kila moja iwe na namba ya pamoja kwenye kitabu kimoja cha masjala, basi kile kisima kimoja ndicho unachokitaka. Ila ujue kila unapomsoma mtoto kanzidata inaunganisha majedwali mawili, na ukimfuta mtoto mzazi anafutika naye. Na kama kinachobadilika ni namna ya kutazama tu, kwa mfano maombi yaliyochelewa kujibiwa yawe na ukurasa wao, `proxy = True` inatosha: jedwali lilelile, miwani tofauti.

Msingi yangu imeshahamia kwenye miradi mingine miwili, zahanati na lile duka la vifaa vya ujenzi lililonifundisha ubaya wa kunakili. Inahamika kirahisi kwa sababu haina jedwali wala migresheni yake, ni faili moja unalibeba. Usumbufu huja unapotaka kuongeza safu: mstari mmoja kwenye Msingi, na `makemigrations` inakuuliza jedwali moja baada ya jingine, rekodi za zamani tuziwekee nini? Sasa nayasoma maswali yake. Nasoma kila mstari.

Mwisho wa mwezi uliofuata Mwalimu aliniita tena. Nilikwenda na moyo mkononi. Alikuwa na daftari, kurasa mpya, 2001 mpaka 2214, alama ya vema pembeni ya kila moja. Hakusema kitu, alinigeuzia nilione kisha akalifunga, akaagiza chai.

Kwenye faili la Msingi, pembeni ya `abstract = True`, kuna maoni niliyoyaandika usiku ule na yamehama na faili kila lilikokwenda, hata zahanati ambako hakuna anayeyaelewa: `# usiguse. 625.`